Bustani ya Muliro: Burudani ya bure iliyogeuzwa kichekesho

JINA la Bustani ya Muliro likitajwa mahali popote nje ya Kakamega, aghalabu msikilizaji hutabasamu. Wengi wanaolicheka hawajawahi kukanyaga nyasi za bustani hiyo wala hawajui iko upande gani wa mji. Wanachokumbuka ni picha zilizosambazwa kwenye intaneti mnamo 2011, zikiwaonyesha wapenzi wakiwa katika hali za faragha mchana peupe. Picha hizo zikawa utani wa taifa zima.

Kwa wakazi wa Kakamega, hata hivyo, bustani hiyo ina maana nyingine. Ni kipande cha ardhi ya umma kilicho katikati ya mji, ambapo mtu anaweza kuketi chini ya mti pasipo kuulizwa atanunua nini. Katika mji ambao ardhi yake imepanda thamani mwaka baada ya mwaka, jambo hilo si dogo.

Swali linalostahili kujibiwa basi si nani alionekana na nani pale nyasini. Swali ni kwa nini watu walikuwa wakienda huko tangu awali, na ni wajibu wa nani kuhakikisha kwamba wataendelea kupata mahali pa kwenda. Ili kulijibu, hapana budi kuanza na jinsi watu wa eneo hilo walivyokuwa wakijiburudisha kabla ya kuwako bustani yoyote.

Burudani isiyokuwa na tiketi

Miongoni mwa Waisukha na Waidakho, jamii mbili za Waluhya wanaoishi kusini na mashariki mwa mji, burudani kuu tangu zamani ni mchezo wa kupiganisha fahali. Asubuhi na mapema, fahali aliyelishwa na kutunzwa kwa ajili ya shughuli hiyo husindikizwa uwanjani na umati unaoimba na kukimbia. Huko hukutanishwa na mwenzake kutoka kijiji kingine. Wawili hao husukumana kwa pembe hadi mmoja atimue mbio, na kutimua mbio ndiko kushindwa.

Mchezo huo, ambao maeneo ya Khayega, Shinyalu na Malinya yamevuma kwao, hauna viti wala ukuta. Watazamaji husimama kulizunguka pambano, na fahali aliyeshindwa anapogeuka kukimbia, ni juu ya kila mtu kujiokoa. Wapo wanaoulaumu kwa sababu ya hatari hiyo na kwa sababu ya mateso ya wanyama. Hata hivyo, mvuto wake haujafifia, na wanasiasa wa eneo hilo wamejua kwa miaka mingi kwamba njia moja ya kupendwa na wapiga kura ni kumiliki fahali hodari.

Sambamba na fahali ni isukuti, ngoma inayochezwa kwa kasi na ambayo haikosi katika harusi, matanga na sherehe nyinginezo za Waisukha na Waidakho. Mnamo 2014, shirika la UNESCO liliiingiza isukuti katika orodha ya turathi za kitamaduni zinazohitaji kulindwa kwa dharura.

Burudani hizi mbili zilifanana katika jambo moja. Zilikuwa za wazi. Tajiri na maskini, mzee na mtoto, wote walisimama mahali pamoja, na hapakuwa na lango la kumchuja mtu.

Mji wa dhahabu na milango iliyofungwa

Mji wenyewe ulikua kwa njia tofauti. Mnamo 1920, wakoloni waliyahamisha makao makuu ya wilaya ya North Kavirondo kutoka Mumias hadi Kakamega. Kwa takriban miaka kumi, Kakamega ilibakia kituo kidogo cha utawala chenye ofisi, maduka machache na mvua nyingi.

Mambo yalibadilika mnamo 1931, mkulima Mmarekani aliyeitwa L. A. Johnson alipogundua dhahabu katika eneo hilo. Habari zilipoenea, Wazungu wapatao 1,000 walimiminika Kakamega kutafuta utajiri, wengi wao wakiwa wakulima waliokuwa wamefilisishwa na mdororo wa uchumi wa dunia. Maelfu ya Waafrika waliajiriwa kuchimba. Kampuni ya Rosterman ndiyo iliyodumu, na mgodi wake ulifungwa mnamo 1952. Mtaa wa Rosterman pembezoni mwa mji ungali unalihifadhi jina hilo.

Dhahabu iliwafunza wenyeji funzo chungu kuhusu ardhi. Sheria iliyopitishwa mnamo 1930 ilikuwa imewaahidi Waafrika kwamba maeneo yao yangekuwa yao daima, na kwamba kipande chochote kitakachochukuliwa kingefidiwa kwa ardhi nyingine. Mnamo Desemba 1932, sheria hiyo ilirekebishwa kwa haraka ili ardhi yenye madini iweze kutwaliwa bila kutoa nyingine badala yake. Ahadi ya daima haikudumu hata miaka mitatu.

Pamoja na wachimbaji walikuja vilabu vyao. Katika miji yote ya Kenya ya ukoloni, klabu ya Wazungu ilikuwa na viwanja vya michezo, vinywaji na kivuli, lakini Mwafrika aliyepita langoni mwake alikuwa ama mpishi, ama mhudumu, ama mtunza bustani. Kwa hivyo, mji wa kisasa ulipozaliwa, starehe yake ilizaliwa ikiwa na lango, na langoni palikuwa na bawabu.

Baada ya uhuru mnamo 1963, Kakamega ilifanywa makao makuu ya Mkoa wa Magharibi. Makarani, walimu, wauguzi na wafanyabiashara waliongezeka. Ubaguzi wa rangi vilabuni uliondoka, lakini ada ya uanachama ilibakia, na wengi hawakuweza kuimudu.

Hapo ndipo umuhimu wa bustani ya umma unapodhihirika.

Mtu aliyeipa bustani jina

Masinde Muliro hakuwa mtu wa kuchekwa. Alizaliwa 1922, akasoma katika Chuo Kikuu cha Cape Town nchini Afrika Kusini, kisha akafanya kazi ya ualimu kabla ya kuingia katika siasa. Mnamo Machi 1957, alichaguliwa kuiwakilisha North Nyanza, akawa mmoja wa Waafrika wanane wa kwanza kuingia katika baraza la kutunga sheria kwa njia ya kura. Miongoni mwa wenzake walikuwamo Tom Mboya, Oginga Odinga, Ronald Ngala na Daniel arap Moi.

Mnamo 1960, alikuwa miongoni mwa waasisi wa chama cha KADU, akiwa naibu wa Ngala. Baadaye alihudumu kama waziri katika serikali ya Mzee Jomo Kenyatta. Mnamo 1975, bunge lilipojadili ripoti ya kamati iliyochunguza mauaji ya mbunge J. M. Kariuki, Muliro aliiunga mkono ripoti hiyo kinyume na msimamo wa serikali. Alifutwa uwaziri.

Mnamo 1991, alikuwa mmoja wa waasisi sita wa FORD, vuguvugu lililodai mfumo wa vyama vingi. Novemba mwaka huo, FORD ilijaribu kufanya mkutano katika uwanja wa Kamukunji jijini Nairobi ingawa serikali ilikuwa imeupiga marufuku, na polisi wakautawanya. Mwezi uliofuata, kifungu cha katiba kilichoruhusu chama kimoja pekee kiliondolewa. Muliro hakuuona uchaguzi uliofuata. Alifariki Agosti 14, 1992, mara tu baada ya kuwasili katika uwanja wa ndege wa Nairobi akitoka London.

Kakamega imemkumbuka mara mbili. Kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro, kilichopata hadhi ya chuo kikuu kamili mnamo 2007, na kuna bustani. Kati ya hivyo viwili, bustani ndiyo inayomfikia kila mtu. Wala hailingani vibaya na maisha yake, kwani alipigania kwa miongo kadhaa haki ya mwananchi wa kawaida kukusanyika na wenzake mahali pa wazi.

Kwa nini watu huenda

Mvuto wa bustani kama ya Muliro ni rahisi kueleza, na labda ndiyo sababu haueleweki kwa wanaotafuta makubwa. Kakamega hupata mvua kiasi cha milimita 2,000 hivi kwa mwaka. Nyasi hazikauki, na miti hustawi bila kumwagiliwa. Jua la adhuhuri linapochoma, kivuli ni mali.

Anayekuja mjini kutoka kijijini kufuata hati katika ofisi za serikali huambiwa arudi saa nane. Kati ya saa sita na saa nane atakaa wapi? Hoteli humtaka anunue chakula. Kibarazani mwa duka ataambiwa anawazuilia wateja. Mama aliyemleta mtoto hospitalini, mwanafunzi anayengoja matatu ya kumrudisha nyumbani, kijana aliyepeleka barua ya kuomba kazi na hana nauli ya kuzunguka, wote huhitaji mahali pa kupumzisha miguu. Bustani huwapokea bila kuwauliza majina.

Wengine huja kwa sababu zao. Kabla ya simu za kamera kuenea, bustani za miji ya Kenya zilikuwa studio za wapiga picha waliotembea na albamu kwapani, na familia nyingi zina picha ya Krismasi au ya kuhitimu masomo iliyopigwa mbele ya maua. Wahubiri wa saa za chakula cha mchana huzipenda, na wachuuzi wa njugu vilevile. Na ndiyo, wapenzi huja. Wamekuja katika bustani za umma tangu bustani zilipoanza kuwako duniani.

Katika nchi nyingine, bustani za aina hii ziligawanyika makundi mawili. Kundi moja ni la viwanja vya starehe vyenye kiingilio na mitambo ya kuchezea. Tivoli ya Copenhagen, Denmark, iliyofunguliwa 1843, ni mfano maarufu. Kundi la pili ni la bustani za bure. Mjini Vienna, Austria, Mfalme Joseph wa Pili aliufungua msitu wa Prater kwa umma mnamo 1766, ilhali hapo awali ulikuwa wa watawala kuwinda wanyama. Huko Birkenhead, Uingereza, bustani iliyogharimiwa kwa fedha za umma ilifunguliwa 1847 ili wakazi wa mji wa viwanda wapate hewa.

Kakamega haijawahi kuwa na Tivoli yake. Mitambo ya starehe, kama vile farasi wa mbao wanaozunguka na bembea kubwa za kuinua watu juu, huja na maonyesho ya kilimo, kisha hufunguliwa na kupakiwa malorini maonyesho yanapokwisha. Mtoto aliyekosa shilingi za tiketi wiki hiyo hungoja mwaka mwingine. Bustani haiondoki.

Picha za 2011

Picha zilizoitia aibu bustani zilipotoka, lawama nyingi ziliwaangukia waliopigwa picha. Walitajwa kuwa kielelezo cha maadili yaliyooza. Jina la Muliro likawa neno la mzaha kutoka Mombasa hadi Busia, na hata leo kuna wanaolitumia hivyo bila kujua kwamba ni jina la mtu.

Si haki kudai kwamba hapakuwa na kosa. Bustani ni ya watoto na wazee pia, na mambo ya chumbani yana mahali pake. Mzazi aliyekatazwa na aibu kupita huko na wanawe alikuwa na malalamiko ya kweli.

Lakini kulikuwa na kosa la pili ambalo halikuzungumziwa sana. Watu wale walipigwa picha bila habari, na nyuso zao zikatembezwa kote nchini. Katiba iliyoidhinishwa 2010 ilikuwa tayari imemhakikishia kila mtu haki ya faragha katika Kifungu cha 31. Sheria ya kulinda data za watu ilipitishwa baadaye, mnamo 2019. Aliyevunja adabu nyasini alijiaibisha kwa saa moja, ilhali aliyezisambaza picha aliwaaibisha wengine kwa maisha yao yote.

La tatu ni uangalizi. Bustani yenye taa, viti vinavyoonekana, vichaka vilivyopunguzwa, mlinzi na mahali pa watoto kuchezea hujilinda yenyewe, kwa kuwa watu wengi hutazamana na kuheshimiana. Bustani iliyoachwa kuwa msitu huvutia mambo ya msituni. Waswahili husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa Bustani ya Muliro ulionekana kwa miaka, na mji ulipendelea kuucheka.

Aidha, picha hizo zilifichua uhaba. Kijana wa mjini anayeishi chumba kimoja na ndugu zake, asiye na pesa za mkahawa wala hoteli, hana pa kuzungumza na mchumba wake. Kumfukuza bustanini hakumpi mahali pengine.

Hatari iliyo kubwa kuliko aibu

Wenye tamaa ya ardhi hupata nafasi pale ambapo bustani imekosa heshima. Ni vigumu kunyakua mahali panapopendwa. Ni rahisi kunyakua mahali ambapo watu wamekubaliana kwamba ni pachafu.

Historia ya Kenya ina mifano. Mnamo 1989, chama tawala kilitaka kujenga jumba la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru Park, Nairobi. Wangari Maathai alipinga, akatukanwa bungeni, lakini mpango huo hatimaye ukaachwa. Mnamo 1991, Bustani ya Jeevanjee, iliyotolewa kwa umma na mfanyabiashara A. M. Jeevanjee mwanzoni mwa karne ya 20, ilikabiliwa na mpango wa kujenga maegesho ya magari. Mjukuu wake, Zarina Patel, aliongoza upinzani, na bustani ikaokolewa. Ni katika bustani hiyo hiyo ambapo wananchi wa kawaida walianzisha mijadala iliyokuja kujulikana kama Bunge la Mwananchi.

Si kila mahali palipata mtetezi. Tume iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u, iliyowasilisha ripoti yake 2004, ilionyesha jinsi ardhi ya umma, vikiwemo viwanja vya michezo na bustani, ilivyogawiwa watu binafsi kote nchini. Miji mingi ilipoteza viwanja vyake kimyakimya. Bustani ya Muliro ilinusurika.

Wajibu wa kaunti

Tangu 2013, hakuna tena utata kuhusu mwenye jukumu. Jedwali la Nne la katiba limeziachia serikali za kaunti shughuli za burudani za umma, na linataja waziwazi bustani, fuo na mahali pa kupumzikia. Kwa maneno mengine, bustani ni wajibu wa kaunti kama zilivyo zahanati na masoko.

Katika kipindi cha gavana wa kwanza wa Kakamega, Wycliffe Oparanya, aliyeongoza kutoka 2013 hadi 2022, bustani hiyo ilifanyiwa ukarabati ili irudishiwe heshima. Kipindi hicho pia kiliuona uwanja wa Bukhungu ukiboreshwa. Mnamo 2017, ulikuwa mwenyeji wa mechi za kombe la CECAFA, na mnamo 2018 sherehe za kitaifa za Siku ya Mashujaa ziliandaliwa huko.

Ukarabati ni mwanzo tu. Kujenga hufanywa mara moja na huzinduliwa kwa utepe na hotuba. Kutunza ni kazi ya kila siku isiyo na sherehe: kufyeka, kuzoa taka, kubadilisha taa iliyoungua, kumlipa mlinzi mshahara kwa wakati. Bajeti za kaunti hupenda la kwanza kuliko la pili.

Kuna kishawishi kingine cha kujihadhari nacho. Bustani inapopendeza, huzuka wazo la kuweka kiingilio, hata kama ni shilingi kidogo, kwa hoja kwamba pesa hizo zitaitunza. Hoja hiyo inasikika vyema mezani. Lakini aliyetoka kijijini na nauli ya kurudi pekee mfukoni hatalipa. Atasimama nje ya ua akitazama kivuli, sawa na babu yake alivyosimama nje ya ua wa klabu ya wachimba dhahabu.

Kwa mujibu wa sensa ya 2019, Kaunti ya Kakamega ina watu zaidi ya milioni 1.8. Wengi wao huingia mjini kwa shughuli, na idadi inaongezeka. Nje ya mji kuna Msitu wa Kakamega, masalio ya misitu ya mvua iliyowahi kuungana na ile ya Kongo, na kuna jiwe la Ilesi liliapo maji kando ya barabara ya Kisumu. Hivi ni vivutio vya kujivunia, ila vinahitaji nauli na siku nzima. Mwenye saa mbili za kungoja ofisi ifunguliwe hana budi kubaki mjini.

Wakenya wanaweza kuendelea kuzicheka picha za 2011 wakitaka. Wakazi wa Kakamega wana jambo la kuuliza kila bajeti ya kaunti inaposomwa: ni kiasi gani kimetengewa utunzaji wa Bustani ya Muliro mwaka huu, na je, lango lake litabaki wazi kwa asiye na kitu?